Kukusanya mimea adimu Tanga kwa kupeana na kubadilishana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba yangu iko Chumbageni, na tangu miche ianze kuchungulia juu ya ukuta wa uani, hodi hazikomi. Mmoja anataka kipande kimoja tu, mwingine ana kiriba mkononi na anataka kujua alichobeba ni nini, mwingine ameambiwa na shoga yake kwamba "yule mama anagawa maua bure", jambo ambalo ni nusu kweli. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi. Majibu ni yale ninayoyatoa nikiwa nimekaa, siyo yale ya haraka nikiwa nimeshika mpira wa maji.

Mmea adimu ni upi hasa?

Inategemea umesimama wapi. Kuna mmea adimu porini, kuna mmea adimu dukani, na kuna ule ulio adimu mtaani kwako tu.

Chukua Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Ulaya linauzwa mpaka kwenye maduka ya vyakula. Asili yake ni huku kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa na madaraka Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta na kumpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliandika kitaalamu na kulipa jina la ukoo huo. Porini linaota Tanzania na Kenya peke yake, kwenye majabali yenye kivuli na unyevu. Miti ikikatwa, jabali likapigwa na jua, ua limekwisha. Nimekutana na watu waliozaliwa Tanga na kukulia Tanga ambao ua hilo waliliona mara ya kwanza kwenye picha iliyotoka Ulaya.

Mkilua nao ni hadithi nyingine. Mama zetu wanaujua vizuri, kwa sababu kilua ni ua la kikuba, linakaa pamoja na asumini na mrehani. Mtaalamu alipoutangaza mwaka 1970 hakwenda kutafuta Kilatini mbali: jenasi yenyewe inaitwa *Mkilua*, kwa Kiswahili hicho hicho, na spishi iliyomo ni moja, *Mkilua fragrans*, ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ukizunguka vitalu vyote vya barabarani hapa mjini ukiulizia, utaonyeshwa mikroto.

Halafu kuna Zamioculcas, ile yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, iliyojaa kwenye mabenki na mahoteli. Ni ya Afrika Mashariki, inaota yenyewe kwenye misitu ya pwani. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni adimu, nitakuuliza: kwa nani?

Sina mmea wowote wa maana. Nitabadilishana na nini?

Una zaidi ya unavyodhani. Kitu cha kawaida hapa mjini Makorora ni kitu cha ajabu Lushoto, ambako ni mita 1,400 hivi juu ya bahari na mlangilangi unanyongea kwa baridi. Na wao wanang'oa na kutupa vitu ambavyo wewe ungevitunza kama mtoto.

Anza na mimea mitatu isiyokufa, uizalishe mpaka upate ya kugawa. Mimi nilianza na mshubiri, mkonge pori na hiyo Zamioculcas. Zamioculcas unachuma kijani kimoja kimoja, unakichomeka upande wa chini kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, unaondoka. Chini kitatengeneza kitunguu kidogo, na huko juu hutaona kitu kwa miezi mingi. Usichimbuechimbue kuangalia. Tawi moja linaweza kukupa miche kumi, na miche kumi ni safari kumi za kwenda kubisha hodi kwa watu.

Ukishakuwa na ya kutoa, mnyororo unaanza. Mimi kilua nilikipata hivi. Bibi mmoja wa Ngamiani alikuwa na mti wake nyuma ya jiko, nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa kilua?" Alishaambiwa.

"Ndiyo bibi."

"Na mikono mitupu."

Nikacheka kwa aibu. Akanieleza kwamba alikuwa na asumini ile ya petali nyingi zilizobanana, ikamfia mwaka wa ukame, na toka hapo hajaiona. Hakusema niitafute. Alinyamaza tu, akaendelea kuchambua mchele.

Ilinichukua miezi miwili. Asumini nikaikuta Pangani kwa mama mmoja mshonaji, naye hakutaka pesa. Alitaka Adenium, ile yenye shina nono kama tumbo, ya maua meupe, maana ya rangi ya waridi anayo. Yangu nyeupe ilikuwa moja. Nikaotesha mbegu zake, nikasubiri mpaka zichanue nijue ipi ni nyeupe kweli, kwa sababu mbegu za Adenium hazina ahadi ya rangi. Hapo umeongezeka mwaka na ushei. Siku nilipomfikishia bibi asumini yake hakunisalimia kwanza. Alichukua kiriba, akakitia puani, akafumba macho. Kisha akamwita mjukuu alete jembe la mkono, akamwelekeza kimche kilichojiotea chini ya mti mama: "Kitoe na udongo wake. Ukiutikisa ule udongo, nakutikisa wewe."

Mche mmoja adimu ni sawa na mingapi ya kawaida?

Hakuna bei. Wapo wanaotaka kuweka kiwango, huyu mmoja kwa hawa watatu, nami nimeona wanavyoishia kununiana. Ninachoangalia ni mambo machache tu: je, kipande kina mizizi au ni cha kubahatisha? Kimechukua muda gani kufika hapo? Na mimi nitabaki na kingine? Kipande kisicho na mizizi siwezi kukihesabu kama mche, kwa sababu hatari yote nimemwachia anayepokea. Hilo nalisema mbele.

Mgeni simdai kitu mara ya kwanza.

Kwa nini nigawe? Si thamani yake ni kuwa nao mimi peke yangu?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na wanaoliuliza ni wale wenye mkusanyiko mzuri kweli. Nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa na *Sansevieria kirkii*, mkonge pori wa pwani yetu wenye majani mapana yenye madoa kama ngozi ya nyoka na ukingo unaojikunja kama mawimbi. Lundo lililojaa beseni. Nilikuwa nalo miaka sita na sikumpa mtu, isipokuwa mwalimu mmoja wa Muheza ambaye alinisumbua mpaka nikamkatia kipande cha shina la chini, kidogo, tena kwa moyo mzito. Masika moja nikaenda msibani Handeni, nikakaa wiki. Huku nyuma mfereji wa bati ukaachia, maji ya paa zima yakawa yanamiminika ndani ya beseni hilo. Niliporudi majani yalikuwa bado yamesimama, ya kijani, hayana neno. Nikashika moja nilisogeze. Likatoka lote, bila kuvuta, na chini yake uji wa kahawia unaonuka kama muhogo uliooza. La pili hivyo hivyo. Yote.

Nikampigia mwalimu. "Mwalimu, ile kirkii ipo?"

"Ipo, imejaa. Nilikuwa natafuta wa kumpa."

Akaleta mwenyewe, beseni zima, na hakunikumbusha nilivyombania. Tangu siku hiyo sina mmea adimu ambao uko kwangu tu. Nikipata kitu, cha kwanza ninachokifanya kikishika mizizi ni kutafuta nyumba mbili nyingine za kukiweka, moja hapa mjini na moja mbali, ili mafuriko ya huku yasiwe ya kule. Hiyo siiti sadaka. Ni kama mtu anayeweka pesa zake pahala pawili.

Na kama unadhani hasara za namna hii ni za bustani ndogo, kumbuka mkonge wenyewe. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza vimiche 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilivyofika huku kwetu vikiwa hai ni 62. Kilimo chote cha mkonge cha nchi hii kilianzia hapo, kwa sababu mkonge unazaa maotea pembeni, na juu ya mlingoti wake unaangusha vimiche kwa mamia. Sitini na mbili! Ukipanda basi kutoka Korogwe kuja Tanga, ukiona mistari ile haina mwisho, ifikirie hiyo hesabu.

Nikate vipi ili kipande kishike?

Kila mmea una pahala pake pa kukatwa, na hapa ndipo wengi wanaharibu.

Mimea inayotambaa na yenye pingili, kama Monstera, ile ya majani mapana yenye matundu, na ndugu zake, lazima kipande kiwe na pingili na jicho. Jani lenye kikonyo chake tu litakaa kwenye maji, litatoa hata mizizi, litakupa furaha ya mwaka mzima, na halitatoa chipukizi kamwe. Hoya, ile ya kutambaa yenye majani mazito, nayo ina tabia hiyo hiyo. Mtu akikuletea jani moja zuri kwenye chupa na kukwambia ni mche, angalia chini: jicho liko wapi?

Mkonge pori wa kijani unakubali kukatwa jani vipande vya vidole vinne, ukavichomeka upande ule ule uliokuwa chini. Geuza juu chini na hakioti. Lakini ule wenye ukingo wa njano usiukate jani, ugawe shina la chini pamoja na chipukizi lake. Rangi ya njano iko kwenye tabaka la nje la mmea, na chipukizi linalozaliwa kutoka kwenye kipande cha jani halilibebi tabaka hilo. Linatoka kijani kitupu. Niligundua hilo baada ya kuahidi watu wanane miche yenye njano.

Adenium ukiikata iache ikauke kivulini siku kadhaa kabla ya kuichomeka, na nawa mikono, maana utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka kwenye mishale. Ya tawi inaota na kuchanua mapema, ila lile tumbo nono la chini ambalo watu wanalipenda linatoka vizuri kwa mche wa mbegu. Anayetaka tumbo nampa mbegu, anayetaka rangi fulani nampa tawi. Saintpaulia inaota kwa jani: kata kikonyo kibaki kama urefu wa kifundo kimoja cha kidole, chomeka kwa mshazari, funika na kopo linalopitisha mwanga, na baada ya miezi miwili au mitatu utaona masikio madogo yanachomoza pembeni.

Kisu kiwe kikali na kisafi. Mimi nakipitisha kwenye moto wa jiko la mkaa kati ya mmea na mmea. Wakati mzuri ni mwanzoni mwa Machi kabla masika hayajashika, au wakati wa vuli. Januari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, acha visu vipumzike.

Kuna watu hawahitaji maelezo yote haya. Jirani yangu akichomeka hata kijiti cha mshikaki kinatoa majani. Usijilinganishe nao.

Udongo gani?

Makumbi ya nazi tunayo bure, yatumie. Ila usiyatie mabichi: yana chumvi na yana ile rangi ya kahawia inayotoka kama chai. Yachambue, yaloweke, mwaga, loweka tena, mpaka maji yatoke meupe. Mimi nachanganya makumbi, mkaa uliopondwa na changarawe ndogo kwa mimea ya majani mapana. Kwa mkonge pori na Adenium changarawe inakuwa zaidi ya nusu. Okidi hazitaki udongo kabisa. Nazifunga kwenye kipande cha kumbi au kigogo. Viriba vitobolewe chini na pembeni. Na kama kisima chako kina maji ya chumvi, kama vingi vya karibu na bahari, kinga ya mvua kwa ajili ya mimea michanga.

Nasafirishaje mche kwenda mkoa mwingine bila kufika umekufa?

Basi la usiku. Joto la mchana ndani ya buti la basi linapika mmea kuliko unavyofikiria.

Usimwagilie siku ya safari. Mche wa kwenye udongo mwagilia jana yake, halafu funga mdomo wa kiriba kwa gazeti na kamba ili udongo usimwagike. Mche usio na udongo funga mizizi kwa gazeti lenye unyevu, kamua mpaka lisidondoshe hata tone, kisha nailoni juu ya gazeti hilo tu. Majani yaache wazi. Weka ndani ya boksi gumu, jaza nafasi kwa magazeti makavu ili kitu kisicheze, toboa matundu, na andika kwa herufi kubwa MIMEA HAI na mshale wa upande wa juu. Mshale utapuuzwa, lakini uandike.

Kisha kuna konda. Mwambie kilichomo, mwonyeshe. Niliwahi kuandika "vifaa" nikidhani ni ujanja, boksi likawekwa chini ya gunia la nazi kutoka stendi ya Kange mpaka Morogoro. Siku hizi namwambia "kaka, hii ni maua ya mgonjwa", na si uongo mkubwa, maana mche uliotoka kukatwa ni mgonjwa kweli. Inakaa mbele, miguuni kwake. Mpelekee anayepokea namba ya basi na saa ya kufika, mwenyewe akapokee, asisubiri kesho.

Nikipokea mche nifanye nini kwanza?

Usiuchanganye na mingine. Uweke peke yake wiki tatu, mbali, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwa wenzake. Geuza majani, angalia makwapa ya vikonyo. Unga mweupe kama pamba ni vidung'ata. Utando mwembamba na vidoa vidogo vya njano ni utitiri mwekundu. Toa mmea kwenye kiriba uone mizizi: ikiwa na vifundofundo kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na udongo huo usiumwage bustanini. Choma, au tia kwenye mfuko na utupe.

Vidung'ata vichache vinatoka kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, kimoja kimoja. Vikiwa vingi tumia maji ya sabuni ya kipande, na urudie kila baada ya siku tano au sita, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Nimewahi kupokea Hoya nzuri kutoka kwa rafiki, nikaona aibu kuitenga mbele yake, nikaitundika pale pale katikati ya nyingine. Kazi ya kusafisha ilinichukua miezi mitano. Sasa hata mgeni akiwa amekaa barazani nasema, "Huyu ataanzia karantini," na hakuna aliyekasirika bado.

Kwa nini mnasumbuka na majina? Ua ni ua.

Kwa sababu "mkonge pori" ni mimea zaidi ya kumi. Ukiniambia unatafuta mkonge pori nitakuletea ulionao.

Jina la mtaani liandikwe, na la Kilatini liandikwe kama linajulikana, na chini yake: umetoka kwa nani, mji gani, mwezi na mwaka. Kama hulijui jina, andika "sijui, wa Pangani, kwa mama mshonaji, 2021". Hiyo ina faida kuliko jina la kubuni, kwa sababu jina la kubuni litasafiri na kila kipande, na baada ya mikono mitano limekuwa kweli.

Kalamu ya wino inafutika kwa jua letu katika miezi mitatu, hata ile ya wino mzito. Chukua kopo la soda la alumini, likate vipande virefu kama kidole, weka juu ya gazeti lililokunjwa na andika kwa msumari au kalamu iliyoisha wino ukikandamiza. Maandishi yanazama ndani ya bati. Toboa tundu, funga kwa waya kwenye kiriba au shina. Angalia kingo zisikukate. Nina kibati cha namna hiyo chenye miaka tisa na kinasomeka.

Usishangae majina ya Kilatini yakibadilika. Sansevieria wataalamu wameihamishia kwenye Dracaena, na Saintpaulia imeingizwa kwenye Streptocarpus. Mimi nimeacha vibati vyangu vya zamani, naongeza cha pili nyuma yake.

Amani kumejaa mimea adimu. Naweza kwenda kuchimba miwili mitatu?

Hapana. Nalijibu hili mara nyingi kuliko yote, na kila anayeuliza anasema "miwili mitatu".

Amani, kule milima ya Usambara, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuchukua mmea ndani yake bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya 2002. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, hesabu haiendi. Mimea mingine ya Usambara iko kwenye mlima mmoja, au bonde moja, na hakuna pahala pengine duniani. Kundi la watu ishirini, kila mmoja miwili mitatu, limemaliza bonde. Tena mingi inayochimbwa hufia uani ndani ya mwezi, kwa kukosa ule ukungu wa asubuhi.

Mtapo, ule unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu ya miiba, ni mfano mwingine. Mitapo ya jenasi ya Encephalartos yote iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Biashara ya kimataifa ya ile ya porini imefungwa. Unakua polepole sana, na kuna mti dume na mti jike, kwa hiyo aliyeng'oa mmoja huenda amewanyima mbegu wengine wote waliobaki. Okidi zote nazo zimo kwenye mkataba huo, na mishubiri pia isipokuwa *Aloe vera*.

Unaweza kupata vitu hivi kwa mbegu na maotea ya mti ambao tayari uko uani kwa mtu, na ndiyo maana tunapeana. Na Amani nenda, tena nenda kwa miguu, ukaone. Bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na miti iliyoletwa wakati ule kutoka pande zote za dunia mingine bado imesimama.

Kwa hiyo kuna mimea ambayo wewe huipokei?

Ipo, na somo lake liko huko huko Amani. Mti wa *Maesopsis eminii* ulipandwa kwenye milima ile kwa nia njema, ndege wakapenda matunda yake, wakayasambaza, na leo umeingia msituni na kuchukua nafasi ya miti ya asili. *Clidemia hirta*, kichaka cha Amerika ya kitropiki, nacho kilitoroka kutoka bustanini. Kwa hiyo mtu akinisifia mmea kwa kusema "huu hauhitaji matunzo, unajisambaza wenyewe", mimi narudi nyuma hatua moja. Magugu maji sigusi kabisa, hata kwa ajili ya kidimbwi cha mapambo, hata ua lake liwe zuri namna gani. Waulize watu wa Ziwa Victoria.

Naweza kutuma Kenya, Unguja au Ulaya?

Kupitisha mmea mpakani, hata mche mmoja kwenye mkoba pale Horohoro, kunataka cheti cha afya ya mimea, na kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Anza kwa kuuliza upande wa pili wanaruhusu nini. Zanzibar wana sheria yao na ukaguzi wao, usidhani kwa kuwa ni nchi moja utapita tu. Kwa mimea ya CITES kuna kibali kingine juu ya hicho. Mimi nimeamua kutosheka na bara.

Nimeona mbegu za Monstera ya rangi mbili zinauzwa. Ni za kweli?

Usinunue. Ile rangi mbili watu wanaizalisha kwa vipande na kwa maabara, haiji kwa mbegu za kwenye pakiti. Vivyo hivyo ile philodendron iliyovuma kwa jina la Pink Congo: majani ya waridi yalitokana na dawa, na yaliyochipua baadaye yalikuwa ya kijani. Aliyelipia mshahara wa mwezi alibaki na mmea wa kawaida, mzuri tu.

Nilimpa mtu mche bure, nikamkuta anauza. Nimfanye nini?

Usimfanye kitu. Mche ukishatoka mkononi mwako ni wake. Mimi ninachofanya ni kusema kabla: huu usiuze mwaka wa kwanza, au huu uza tu, au huu nikikwama nitakuja kukuomba kipande. Mtu asipolikubali hilo la tatu, simpi. Yule wa kwangu aliyeuza, tena kwa bei nzuri, ameusambaza mmea ule mpaka Dodoma. Nilinuna wiki mbili.

Saintpaulia itaota Tanga mjini? Kwangu kuna joto.

Inaota kwa ubishi. Joto likipita nyuzi 30 inalegea. Iweke dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kwenye chungu cha udongo, na chungu hicho kiweke ndani ya chungu kikubwa zaidi chenye mchanga uliolowa; maji yakikauka kwenye mchanga yanapoza. Mwagilia kutokea chini, kwa kisahani, maana maji baridi yakigusa majani yanaacha madoa yasiyofutika. Mwezi wa Februari, yangu inaishi bafuni, watu wa nyumbani wameshazoea kuoga nayo.

Nafasi imekwisha na mume wangu analalamika. Nipunguze ipi?

Ile ambayo unayo miche minne ya aina moja "kwa tahadhari". Tahadhari iko kwa watu, haihitaji kukaa uani kwako. Nimeshatoa pia mimea niliyokuwa nimeihangaikia miaka miwili na nilipoipata nikagundua siipendi. Hilo linatokea, na si aibu.

Kilua chako kimeshachanua?

Bado. Mwaka wa tatu huu. Bibi huniuliza kila nikipita Ngamiani, namjibu hivyo hivyo, naye huniambia nimekipanda mbali na jiko, kinataka kusikia watu wakizungumza. Mwezi uliopita nimehamisha viti.